Siku ya Kufungwa, Useme Tumefungwa

Babu yangu mzaa mama, shabiki wa Coastal Union, klabu ya mpira ya Tanga, alikuwa mpole wa maneno, lakini kulikuwa na kosa moja ambalo hakuliacha lipite. Ukimuuliza, "Babu, Coastal wanacheza lini?" alinyamaza kwanza, akaweka chini kikombe chake cha kahawa, ndipo akakujibu: "Tunacheza Jumamosi." Na ukirudi mpirani siku mbaya ukasema wamefungwa mbili, hapo alikuita ukae karibu naye mkekani. "Mke wangu," alikuwa akiniita hivyo, kama mababu wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kike, "wiki iliyopita ulisema tumeshinda. Leo wamefungwa akina nani?"

Sikuwa na jibu. Bibi kutoka jikoni alikuwa akinitetea: "Mwache mke mwenzangu, mtoto huyo." Babu hakubisha naye, lakini hakulegeza. Anayesema tumeshinda, siku ya kufungwa aseme tumefungwa.

Tuliishi Ngamiani, kwenye zile barabara zenye namba badala ya majina. Si mbali na kwetu ni Barabara ya 11, yalipo makao ya klabu. Mtu asiyeijua Tanga nikimwelekeza kwetu humwambia ahesabu tu barabara, hapotei. Babu alikuwa kuli bandarini. Bandari yetu zamani ilikuwa na kina kifupi gatini, meli kubwa haikuweza kusogea. Ilitia nanga mbali, mzigo ukapakiwa kwenye matishari, tagi ikayavuta kwenda na kurudi. Kila robota la katani lililotoka Tanga lilipitia mikononi mwa watu kama yeye, mara mbili: nchi kavu, kisha tena majini kando ya meli. Mabega yake yalikuwa na ngozi ngumu kama ya kisigino. Nilikuwa naigusa, naye anacheka.

Namtaja babu na katani kwa sababu siwezi kuisimulia Coastal Union bila mkonge. Miche iliyoanzisha yote ililetwa mwaka 1893 na Mjerumani, Richard Hindorf, kutoka Florida, na iliyofika hai ni 62 tu. Mwaka huohuo ikaanza kujengwa reli ya kutoka Tanga kwenda bara. Mashamba yakaita watu kutoka kila upande, na watu wakishakuwa wengi mahali pamoja, na wana mishahara hata kama ni midogo, jioni wanataka mpira. African Sports, Wana Kimanumanu, walikuwapo tangu 1936. Coastal ikazaliwa 1948. Kwa hiyo ni mdogo wa mji, si mkubwa, na kwa miaka mingi watani hawa wawili waliigawa Ngamiani nusu kwa nusu. Ndugu wa tumbo moja walikuwa hawapikiani chai siku ya pambano.

Jina la utani la Coastal ni Wagosi wa Kaya. Mgeni hulisikia redioni akalipita bila kujiuliza. Mgosi, kwa Wasambaa na Wabondei, ni mwanamume, na Tanga nzima leo wanaume wanaitana hivyo barabarani hata kama mmoja ni Mdigo na mwingine ametoka Kondoa: "Mgosi, vipi?" Kaya ni nyumbani, ni boma la ukoo. Wagosi wa Kaya ni wanaume wa nyumbani, wenye boma lao. Nimefikiri sana juu ya jina hili. Simba ni mnyama, Yanga ni vijana wa Afrika yote. Sisi tulijiita watu wa nyumbani, na sidhani kuna jina lingine ambalo klabu ya mji kama wetu ingejipa likawa la kweli zaidi ya hilo.

Sasa mwaka 1988.

Kila makala kuhusu Coastal husema "mabingwa wa 1988" kama mtu anavyotaja cheo cha marehemu, kisha inasonga mbele. Mimi nataka tusimame hapa kidogo. Ligi ya nchi hii ilianza 1965, na tangu hapo ubingwa wa Bara umekuwa mali ya Dar es Salaam. Waliouchukua kutoka mikoani wanahesabika kwa vidole: Mseto ya Morogoro mwaka 1975, Tukuyu Stars ya Mbeya 1986, sisi 1988, halafu Mtibwa Sugar 1999 na 2000. Tangu Mtibwa, hakuna tena. Ni zaidi ya miaka ishirini kombe halijavuka Kibaha.

Lakini kinachonigusa ni hali ya mji wenyewe mwaka ule. Tanganyika ilipofika kileleni, mwaka 1964, ilitoa katani tani kama 230,000 kwa mwaka, na hakuna nchi duniani iliyotufikia. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, mashamba yakataifishwa mwaka 1967, na mwishoni mwa miaka ya 80 hatukufikisha hata tani 40,000. Wanaume wa Ngamiani waliokuwa wakiamkia bandarini sasa walikuwa wakiamkia barazani. Babu alipata kazi siku mbili kwa wiki, tatu akibahatika. Sukari ilikuwa ya kupimwa kwa kijiko. Ubingwa haukuja mji ukiwa umeshiba. Ulikuja mji ukiwa na njaa, wakati ambao hakuna mtu Dar es Salaam aliyekuwa akitarajia lolote kutoka Tanga.

Nilikuwa mdogo mno, sikumbuki. Nililopokea ni kutoka kwa mama. Televisheni Bara haikuwapo, mpira ulikuwa wa redio, Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyumba yetu ilikuwa na redio ya mkulima ambayo betri zake bibi alizianika juani ili zipate nguvu kidogo zaidi. Mama anasema siku ubingwa ulipothibitika babu hakupiga kelele. Alivaa kanzu yake ya Ijumaa, siku ambayo haikuwa Ijumaa, akatoka, akapita barabara moja baada ya nyingine akiwapa watu mkono, kama siku ya Idi. Alirudi usiku. Bibi alipomuuliza umekula wapi, akasema, "Sijala. Tumechukua." Akalala na njaa yake.

Katika kikosi kile alikuwamo kijana mmoja aliyekuja kurudi tena kwenye habari hii: Juma Mgunda. Nitamfikia.

Uwanja wa Mkwakwani nimeingia kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka minane, mkono wangu ndani ya mkono wa babu. Hatukukaa jukwaa lenye paa. Yeye alikuwa na mahali pake kwenye ngazi za zege upande wa jua, na alikuwa akija na gazeti la zamani, analikunja mara nne, analiweka, anakaa. Langu alilikunja mara mbili kwa kuwa nilikuwa mwepesi. Saa kumi zege linakuwa bado na joto la mchana, unalisikia kupitia gazeti. Upepo wa baharini unaleta vumbi na harufu ya mihogo ya kukaanga kutoka nje ya ukuta. Muuza machungwa ya Muheza anapita akimenya huku anatembea, ganda lote linatoka refu bila kukatika, halafu anakata kichwa cha chungwa na kukukabidhi bila kuondoa macho uwanjani. Watu hawakumlipa papo hapo. Walimlipa mapumziko, na alikumbuka kila mtu.

Babu hakushangilia kwa kuruka. Bao likiingia alipiga goti lake mara moja kwa kiganja. Tukifungwa, alipiga goti lilelile mara moja. Nilidhani anakosea.

Baada ya hapo miaka haikuwa mizuri, na sitaitembelea yote. Coastal ilishuka, ikakaa madaraja ya chini, timu ya ubingwa ikawa inacheza mechi ambazo magazeti hayakuandika hata matokeo. Babu aliendelea kwenda na gazeti lake. Alifariki mwaka 2009, timu ikiwa hukohuko chini, na klabu iliporudi Ligi Kuu msimu wa 2011/12 mama alikwenda kaburini akamwambia. Sikuwapo, nimeambiwa. Alisimama tu akasema, "Baba, tumerudi."

Mimi wakati huo nilikuwa Dar es Salaam, nauza vitenge katika duka la mtu Kariakoo. Anayeijua Kariakoo anajua maana yake: Msimbazi ya Simba iko pale, Jangwani ya Yanga iko pale, unaishi katikati ya ngoma mbili zinazopigwa usiku na mchana. Nikawa naulizwa kila siku, wewe wa wapi? Nikisema Tanga, wanauliza tena: ndiyo, lakini Simba au Yanga? Maana katika nchi hii mtu anaruhusiwa kuwa na timu ya mkoa wake ikiwa pia ana timu ya kweli. Ya mkoa ni kama lugha ya nyumbani, unaizungumza na bibi yako, lakini shuleni unatakiwa uwe na nyingine.

Kisha ikaja Mei 2016. Msimu ule Tanga ilikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal Union, African Sports, na Mgambo JKT. Zilizotakiwa kushuka zilikuwa tatu. Zikashuka zote tatu, zetu zote. Mkoa mzima ukafutwa Ligi Kuu ndani ya msimu mmoja. Asubuhi yake mteja mmoja, Yanga damu, akaingia dukani anacheka: "Dada wa Tanga, mmeshuka wote, hata wa mbegu hamkubakiza?" Nikamjibu haraka, bila kufikiri: "Wameshuka bwana, mimi nina habari nao?"

Alipotoka nikabaki nimeshika mita ya kupimia kitambaa, mkono unatetemeka. Miaka saba babu yuko chini, na mimi nimesema wameshuka. Nimewahi kukosa mengi maishani, na mengine makubwa kuliko hilo, lakini lile bado linanirudia usiku. Mwaka uliofuata nikafunga mizigo. Sisemi nilirudi Tanga kwa sababu ya mpira, mama alikuwa anaumwa na kodi ya Dar ilikuwa imenishinda. Nasema tu kwamba nilipofika stendi ya Kange na begi langu, la kwanza nililomuuliza bodaboda ni lini tunacheza.

Tulicheza daraja la kwanza, tukapanda, na msimu wa 2018/19 tukawa Ligi Kuu tena. Watu wa nje wanaukumbuka msimu ule kwa sababu mwanamuziki Alikiba alisajiliwa Coastal akavaa jezi. Sawa, ilikuwa shangwe, Mkwakwani ilipata wageni. Mimi naukumbuka kwa beki mmoja kijana, Bakari Mwamnyeto, aliyekuwa akiruka kichwa kana kwamba mpira una deni lake. Mwaka 2020 Yanga wakamchukua, na baadaye akawa nahodha wao. Mwenzake wa ulinzi, Ibrahim Ame, akaenda Simba mwaka uleule. Mioyo miwili ya ukuta wetu, mmoja kila upande wa Kariakoo. Msimu uliofuata tulinusurika kushuka kwa mechi za mchujo dhidi ya Pamba ya Mwanza, na sioni ajabu. Ukiondoa nguzo mbili katikati ya nyumba, unategemea nini?

Lakini nasema hili kwa dhati: sijawahi kuwachukia waliokwenda. Kijana wa Makorora akipewa mshahara mara tano, na mama yake anapika kwa kuni, utamwambia nini? Tanga imekuwa ikizalisha na kupakia kwenye meli tangu enzi za marobota. Linaloniuma ni pale anayebaki naye anapojiona mjinga kwa kubaki.

Tarehe 2 Julai 2022, fainali ya Kombe la Shirikisho, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Coastal Union dhidi ya Yanga, na Yanga ile ilikuwa imemaliza ligi bila kufungwa hata mechi moja. Benchi letu alikaa Juma Mgunda, yuleyule kijana wa 1988, sasa ni mzee mwenye sauti ya taratibu. Sikuweza kwenda Arusha. Tuliangalia nyumbani kwa mjomba wangu, mtoto wa babu, ambaye ni Yanga tangu ujana wake, na babu alikufa hajamsamehe kabisa kwa hilo.

Mjomba alikaa kwenye kochi lake na skafu ya kijani na njano. Mimi nilikaa chini mkekani, kwa makusudi. Abdul Suleiman Sopu akafunga la kwanza, nikapiga goti langu mara moja kwa kiganja. Sikupanga. Mjomba alinitazama, kisha akatazama pembeni. Yanga wakasawazisha, wakaongoza. Dakika za mwisho Sopu akarudisha, mbili kwa mbili, tukaenda muda wa nyongeza. Kisha Sopu akafunga la tatu. Mabao matatu, mtu mmoja, katika fainali, dhidi ya timu ambayo msimu mzima wa ligi hakuna aliyeiweza. Na mjomba, skafu shingoni, akasimama akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Sopu wetu huyo!"

Wetu. Sikusema kitu, niliogopa kulivunja lile neno.

Yanga walisawazisha, tatu kwa tatu, na kwenye penalti wakatushinda nne kwa moja. Timu ya mjomba ilikuwa imechukua kombe. Alivua skafu, akaikunja, akaiweka juu ya televisheni, akatoka akakaa barazani gizani. Nilimpelekea chai. Akaniuliza, "Baba angesema nini?" Nikamwambia angesema tumefungwa. Akaitikia kwa kichwa, tukanywa chai bila mazungumzo mpaka adhana ya Isha.

Kabla mwezi ule haujaisha Sopu alikuwa mchezaji wa Azam. Septemba Mgunda akaitwa Simba kuwa kocha. Kama nilivyosema, meli.

Na bado tukaendelea. Msimu wa 2023/24 tulimaliza wa nne, nyuma ya Yanga, Azam na Simba peke yao. Golini alisimama Ley Matampi, Mkongomani, na alimaliza mechi 15 bila kuruhusu bao, akampita hata Djigui Diarra wa Yanga. Nafasi ile ikatupeleka Kombe la Shirikisho Afrika. Tulipangwa na Bravos do Maquis ya Angola, wakatufunga tatu bila kwao, na marudiano tukatoka sare ya bila kufungana. Marudiano hayo yanaitwa ya nyumbani, lakini yalichezwa Dar es Salaam. Wagosi wa Kaya walirudi Afrika baada ya kizazi kizima, na kaya yenyewe haikuona hata dakika moja kwa macho yake. Hilo nimelisema kwa kila anayetaka kunisikiliza na nitaendelea kulisema. Mji unaopata gati jipya na bomba la mafuta kutoka Uganda unastahili uwanja ambao timu yake inaweza kumpokea mgeni wa Afrika.

Maana Mkwakwani hujaa, hilo si tatizo. Agosti 2023 ilijaa pomoni, Ngao ya Jamii, Simba na Yanga, Ally Salim akadaka penalti tatu na Simba wakachukua. Mji ulipendeza, wauza chakula walipata, nami nilifurahi kwa ajili yao. Ila hujaa pia siku Simba au Yanga wanapokuja kucheza na sisi, na nusu ya waliojaa, watu wa Mabawa, wa Chumbageni, wa Msambweni, watoto wa makuli wa babu yangu, wanavaa rangi za mgeni na kushangilia tunapofungwa. Siwatukani. Ni majirani zangu, tunazikana. Nakaa tu kwenye ngazi za zege upande wa jua nikawa mgeni nyumbani kwetu kwa dakika tisini.

Mwanangu ana miaka kumi na moja. Shuleni kwao wamegawanyika wawili wawili kama Kariakoo, naye hajaniambia amechagua nini, na mimi sijamuuliza. Msimu uliopita nilimchukua siku ya mechi ndogo, katikati ya wiki, timu ya mkoa kama sisi, uwanja robo. Nilikunja gazeti mara nne langu, mara mbili lake. Alilalamika zege linachoma. Alikula machungwa matatu. Kipindi cha pili alianza kuwaita wachezaji kwa majina, moja alilikosea, mzee wa mbele yetu akageuka akamrekebisha taratibu, "Siyo huyo, mgosi, huyo ni wa kulia," na mtoto akakaa wima kwa kuitwa mgosi. Dakika za mwisho tukapigwa kona, mpira ukagonga mguu wa beki wetu, ukaingia. Filimbi.

Tulirudi kwa miguu. Mjomba alikuwa barazani kwake na wenzake wa bao, akatuona tunakuja kwenye vumbi.

"Vipi huko, wamefanyaje?"

Nilifungua mdomo, mtoto akaniwahi.

"Tumefungwa moja," akasema, akapita ndani kutafuta maji ya kunywa.